Mkusanya madeni ana mamlaka gani juu ya mdaiwa?

Saa moja asubuhi, namba nisiyoijua ilinitumia ujumbe: "Mwambie huyu mama alipe deni lake la Sh3,400 leo kabla ya saa sita. Wewe ni mdhamini wake." Jina lilikuwa la mama anayeniuzia viazi karibu na kituo cha matatu. Namba yangu alikuwa nayo kwa kuwa humlipa kwa simu. Sijawahi kumdhamini, na hajawahi kuniomba. Jioni nilipopita kibandani kwake, aliniomba radhi kabla hata hatujasalimiana. Wateja wake, mchungaji wake na shemeji yake walikuwa wametumiwa ujumbe uleule.

Mkusanya madeni ni mtu au kampuni inayodai deni kwa niaba ya aliyekopesha. Wakati mwingine mkopeshaji humuuzia deni kabisa, akawa sasa anadai lake. Wengi hulipwa kamisheni kwa kile walichofanikiwa kukusanya, ndiyo maana simu zao huwa kali na hazikatiki. Lakini nguvu yake ni ya mdomo tu. Anaweza kukupigia, kukuandikia, kukukumbusha na kupatana nawe namna ya kulipa. Hana ruhusa ya kuingia kwako bila idhini, kubeba televisheni wala kukukamata.

Watu humchanganya na dalali. Hapa Kenya, dalali ana leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na kwa mkopo usio na rehani huja akiwa na hati ya mahakama, baada ya kesi kusikizwa na hukumu kutolewa. Akija, kwanza huandika orodha ya mali na kukupa siku saba za kulipa kabla ya kuichukua. Hata hukumu ikiwepo, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inakataza kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia. Kama uliweka gari au mali nyingine rehani kwa mkataba, hapo mambo hubadilika. Soma ulichotia sahihi.

Na jela je? Hilo ndilo tishio linalowatoa watu jasho usiku. Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, na polisi hawana kazi hapo. Kifungo cha madai kipo katika sheria ya Kenya, ila mahakama ndiyo huamua, baada ya hukumu, na baada ya mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza, ikidhihirika kwamba uwezo wa kulipa anao na amekataa. Anayekutumia ujumbe kwamba "askari wako njiani" kwa sababu ya Sh3,400 anakutisha tu.

Mikopo ya simu ndiyo iliyoleta mtindo wa kumwaibisha mdaiwa mbele ya watu wake. Programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, unabonyeza kukubali kwa kuwa mtoto anasubiri karo, na siku ukichelewa orodha hiyo inageuzwa fimbo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, za Machi 2022, zilipiga marufuku jambo hili waziwazi: vitisho, matusi, kuwapigia watu walio kwenye simu ya mteja kwa sababu ya deni lake, na kuanika habari zake mtandaoni ili aaibike. Mkopeshaji akimkabidhi mtu mwingine kazi ya kudai, hajaondokewa na wajibu huo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifahamu. Jirani aliyetumiwa ujumbe naye ana haki. Namba yangu ni taarifa yangu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inanilinda mimi ambaye sikukopa hata senti. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma vitisho. Malalamiko hupokelewa bila wakili, na sheria inataka yashughulikiwe ndani ya siku 90. Tanzania nayo ina sheria yake ya taarifa binafsi ya 2022, na Tume ya kuisimamia.

Akikupigia mtu anayedai, muulize anadai kwa niaba ya nani, kisha omba barua ya mkopeshaji na hesabu ya deni: mkopo wenyewe, riba, na ulichokwisha kulipa. Usitume pesa kwenye namba binafsi ya mtu. Uwe mwangalifu hasa na deni la zamani. Deni la mkataba huisha nguvu mahakamani baada ya miaka sita, lakini ukilipa hata Sh200 "kuonyesha nia njema", au ukiandika kwamba unalitambua kabla muda huo haujaisha, saa inaanza kuhesabu upya.

Mama wa viazi deni lake alilikubali. Hakulikimbia hata siku moja. Alimwandikia mkopeshaji mwenyewe, wakapatana alipe kwa awamu nne kupitia namba rasmi ya malipo ya kampuni. Ule ujumbe wangu wa saa moja asubuhi nilikuwa nimeuhifadhi. Tuliupiga picha pamoja na ule wa mchungaji, namba na saa zikionekana, ukaambatishwa kwenye malalamiko mawili: lake, na langu.