Dawa ya zege inayotoka kwenye mti

Karibu robo ya uzito wa mbao kavu ni lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti na kuufanya usimame wima. Mtengeneza karatasi anataka nyuzi tu. Viwanda vinavyopika mbao kwa njia ya salfaiti, yaani kwa kemikali zenye salfa, huitoa lignini hiyo ikiwa imeyeyuka kwenye maji mazito ya kahawia, na ndani yake ndimo inamopatikana lignosulfoneti, yaani lignini iliyogeuzwa ikaweza kuyeyuka kwenye maji. Zamani mabaki hayo yalimwagwa mitoni katika nchi nyingi. Bakteria waliyala, oksijeni ya maji ikaisha, samaki wakafa. Leo yanauzwa.

Kwa Arusha, tunakojenga kila kona kuanzia Njiro hadi Olasiti, matumizi yanayotuhusu zaidi ni ya zege. Baadhi ya madumu ya dawa ya kulainisha zege katika maduka ya vifaa vya ujenzi yana lignosulfoneti, na ninashauri fundi aelewe inavyofanya kazi kabla ya kuifungua.

Saruji ikikutana na maji, chembe zake huganda mafungumafungu na kufungia maji katikati. Zege linakuwa gumu kusukuma kwa koleo, kwa hiyo fundi anaomba ndoo nyingine ya maji. Hapo ndipo jengo linapodhulumiwa. Maji yasiyohitajika na saruji hukauka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, nguvu inapungua, na unyevu unapata njia ya kuzifikia nondo. Lignosulfoneti hujibandika kwenye chembe za saruji na kuzipa chaji hasi, zikasukumana. Fungu linaachana, maji yaliyofungwa yanatoka, na zege linateleza bila kuongezewa kitu.

Punguzo la maji ni la kati ya asilimia 5 na 10 hivi. Kama mfuko wa kilo 50 ulikuwa unachukua lita 25, unaweza kuokoa lita moja hadi mbili na nusu. Wako wanaotumia dawa halafu wanamimina maji yaleyale; hao wamenunua urahisi wa kumwaga tu, nguvu hawakuipata. Na muuzaji akikwambia dawa hii inakuruhusu kupunguza mifuko ya saruji, mwache. Hesabu hiyo ni ya mhandisi mwenye maabara ya kupima.

Kipimo nacho ni kidogo: kwa kawaida dawa kavu haizidi gramu 150 kwa mfuko mmoja. Dumu la dawa ya maji lina kipimo chake kwenye lebo. Ukizidisha, zege linachelewa kushika, hata kulala siku nzima likiwa bichi, kwa sababu dawa yenyewe huchelewesha saruji na mara nyingi imebaki na sukari za mti. Mafundi wanajua sukari inavyoiharibu saruji. Asubuhi za Julai, baridi ya Meru inaongeza ucheleweshaji huo, kwa hiyo msiharakishe kufungua mbao za fomu.

Kwingine nitapita haraka. Lignosulfoneti hushikanisha punje za chakula cha kuku, husambaza dawa za unga za mimea kwenye maji ya bomba la kupulizia la mkulima, na kiasi kidogo sana huwekwa kwenye sahani hasi za betri za gari ili risasi isigande. Kiwanda cha Borregaard, mjini Sarpsborg, Norway, huitumia kutengeneza vanilini, ile harufu ya vanila ya biskuti. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, hakiwezi kutupatia: kinatumia njia ya krafti, ambayo lignini yake huchomwa kwenye tanuri kutoa mvuke na umeme.

Huku kwetu kwenye vumbi watu huuliza pia kuhusu barabara. Ndiyo, lignosulfoneti ikinyunyiziwa kwenye changarawe hushika vumbi vizuri wakati wa kiangazi. Lakini huyeyuka kwenye maji, masika huiondoa, na ikiingia Mto Themi italeta madhara yaleyale ya zamani. Barabara iliyo kando ya mto au mfereji wa umwagiliaji isiwekewe.