Umeme wa Rusumo na lango la Jinja: dhana potofu kuhusu ushirikiano wa nchi za Ziwa Victoria

Katika soko la Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, magunia ya dagaa hushonwa midomo na kupakiwa kwenye malori yanayokwenda hadi Rwanda, Burundi na Kongo, na hakuna anayeona ajabu. Umeme unapovuka mipaka hiyohiyo kuja upande wetu, maneno huwa mengi. Dhana inayosikika zaidi ni kwamba nchi yenye Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, haina sababu ya kununua umeme wala kugawana na jirani, na ikifanya hivyo basi kuna kilichoharibika.

Ukweli unaanzia kwenye umbali. Bwawa hilo liko katika Mto Rufiji, na umeme wake husafiri umbali mrefu nchini kabla ya kufika Kanda ya Ziwa. Kadiri waya unavyokuwa mrefu, ndivyo umeme unavyopotea njiani na nguvu yake inavyopungua mwishoni. Ndiyo maana Kagera, ambayo kwa miaka mingi haikufikiwa na gridi ya Taifa, ilipata umeme kutoka Uganda kupitia Masaka. Haikuwa hisani: umeme huo ulipimwa kwa mita na kulipiwa. Mradi wa umeme wa maji wa Rusumo, katika Mto Kagera mpakani mwa Tanzania na Rwanda, nao ni wa megawati 80, zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu letu, megawati zisizofika 27, ni dogo likiwekwa kando ya Rufiji, lakini linaingia kupitia Nyakanazi, upande wa magharibi ambako gridi ilikuwa dhaifu. Mwenye mashine ya kutengeneza barafu ya kuhifadhia sangara huelewa jambo hili mapema kuliko wengi, kwa sababu mota yake inaweza kuungua kwa umeme mdogo unaopanda na kushuka, hata siku ambayo umeme haukukatika. Tena njia ya kilovolti 400 inayotuunganisha na Kenya kupitia Namanga, iliyowashwa mwishoni mwa 2024, hupitisha umeme kwenda na kurudi, kwa hiyo anayenunua leo anaweza kuuza kesho.

Wapo pia wanaoamini kwamba, kwa kuwa karibu nusu ya ziwa iko Tanzania, kina cha maji yake ni jambo letu wenyewe. Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, ambako bwawa la kuzalisha umeme limekuwapo tangu 1954. Kati ya 2004 na 2006 kina kilishuka sana, kwa sababu ya ukame pamoja na maji kufunguliwa Jinja kupita kiwango kilichokubaliwa. Mei 2020, baada ya mvua kubwa, maji yalipanda kuliko wakati wowote uliokuwa umerekodiwa, yakaingia katika nyumba na mashamba ya ukingoni. Kwa hiyo uamuzi wa kituo cha umeme cha nchi moja ni habari ya gati na mialo ya nchi nyingine mbili, na sioni namna ya kulikwepa hilo.

Kuhusu mageuzi ya sekta ya umeme, inadhaniwa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki huamua na nchi zikafuata tu. Kwa kweli wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, na kwa Tanzania mikataba inayohitaji kuridhiwa hupitia Bunge. Wala nchi hizo hazilazimiki kufanana: Uganda iligawa shirika lake la umeme kuwa kampuni tatu mwaka 2001, TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, bado huzalisha, husafirisha na kusambaza, na biashara ya umeme kati yao ikaendelea.

Linalonisikitisha zaidi ni dhana kwamba usalama wa ziwa ni kazi ya kila nchi ndani ya mpaka wake. Mpaka wa majini hauonekani, hasa usiku, mvuvi anapofuata dagaa kwa taa. Ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996, iliyoua mamia ya watu karibu kabisa na Mwanza, ilitufundisha kwa uchungu kwamba anayezama hana muda wa kungoja waokoaji kutoka mbali. Kuweka kituo cha kikanda cha kuratibu uokoaji hapa Mwanza, katika mradi wa pamoja chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, ni hatua ya maana. Bado lipo la wizi wa injini. Mvuvi wa Ukerewe aliyenyang'anywa injini majini anahitaji namba ya injini yake isomeke na kutambuliwa na polisi wa Homa Bay, Kenya, na Kalangala, Uganda, kama inavyotambuliwa Nansio, kwao Ukerewe, kabla haijafungwa kwenye mtumbwi mwingine.