Naomba uvue na viatu

Wiki iliyopita mzee mmoja, mkulima wa zabibu kutoka upande wa Hombolo, aliletwa kliniki na binti yake. Chini ya kisigino alikuwa na doa jeusi, kingo zimepindapinda, katikati pamechimbika na panatoa majimaji. Mwaka mzima amekuwa akilichokonoa kwa wembe akidhani ni mwiba wa mgunga uliobaki ndani. Nilipotaja saratani ya ngozi, alicheka. "Mwanangu, hiyo si ya wazungu na hawa wenzetu albino?"

Kauli hii nimeichoka, basi niijibu kwa kirefu.

Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inatukinga na jua, sikatai. Ndiyo maana besali, aina ya saratani ya ngozi inayoongoza kwa wazungu, kwetu weusi ni nadra. Lakini melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi hiyo, kwa mtu mweusi haina haja ya jua. Hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Skwamasi nayo, aina ya tatu, kwetu hupenda ngozi iliyokwisha kuumia: kovu la moto, kidonda ndugu cha miaka mguuni. Mtoto aliyeangukia mafiga akiwa na miaka 5 anaweza kuja kwangu akiwa na 40, kovu limefunguka, kingo zimetuna na kukakamaa, ukigusa linatoa damu, na harufu ndiyo usiseme. Kote alikopita kapewa dawa ya kidonda. Jamani, kidonda kikimaliza miezi 3 bila dalili ya kupona, acheni kubadilisha dawa. Kikatwe kinyama, kipimwe.

Wabishi huwa nawatajia Bob Marley: melanoma yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wananijibu baba yake alikuwa mzungu. Haya. Baba wa mzee wangu wa zabibu alikuwa Mgogo.

Manesi wananicheka kwa wimbo wangu huu, lakini siachi: siku ya kukata kucha, geuza nyayo uzitazame. Kuinama kukiwa shida, muite mjukuu akutazamie. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida yetu weusi. Mstari mmoja mpya, ukucha mmoja, unaopanuka au uliovuka hadi kwenye ngozi, njoo.

Kuhusu wenye ualbino nako, kauli ninazozisikia ni nyingi. "Kwenye baridi jua halina madhara." Joto na mionzi ni vitu viwili. Julai hapa Dodoma unavaa sweta kwa upepo, ila mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na mionzi inakufikia vilevile. Mwenye ualbino hana likizo ya baridi.

Mzazi naye: "Nimempaka mafuta ya jua asubuhi, inatosha." Haitoshi, yanarudiwa kila baada ya saa 2. Na kati ya mafuta na kofia, mimi nachagua kofia. Siyo kapelo, maana inaacha masikio na shingo, na huko ndiko ninakokata vidonda vingi. Kofia pana pande zote, mikono mirefu, na kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Mwalimu anayemvua mtoto kofia paredi eti si sare, huyo natamani siku moja aje ashike kisu badala yangu.

Na ya mwisho, ya wote: "Saratani ikiguswa na kisu inasambaa." Kinyama tunachochukua ni kama punje ya dengu, kwa ganzi, nyuzi moja au mbili. Mnaowaona wamezidiwa baada ya kukatwa, wengi walifika tezi za kinena zikiwa zimeshavimba, yaani ilishasambaa kabla ya kisu.

Mzee nilimpapasa kinena: hakuna tezi. Amekubali kukatwa, kwa sharti amalize kwanza mavuno. Nimemwambia binti yake zabibu mwaka huu atavuna yeye.