Helikopta ya Usafirishaji ya Jeshi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wengi hudhani kwamba kila helikopta ya jeshi ni chombo cha kushambulia. Ukweli ni kwamba kazi hizo zimetenganishwa. UH-60 Black Hawk ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na kuanza kutumika jeshini mwaka 1979, iliundwa kubeba askari 11 na silaha zao, na bunduki za milangoni ni za kujilinda tu wakati wa kutua na kupaa. Viti vikiondolewa, huwekwa machela za majeruhi. Ndoano iliyo chini ya tumbo nayo huning'iniza maji, chakula au mzinga mwepesi.

Dhana ya pili ndiyo yenye madhara zaidi: kwamba uzito unaotajwa vitabuni, kilo 4,000 hivi kwenye ndoano, ndio utakaoinuliwa popote. Dodoma mjini iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa joto la nyuzi 30 hewa yake huwa nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ile ya pwani yenye ubaridi wa nyuzi 15, yaani rubani anaruka kana kwamba yuko mita 1,900 hivi. Panga za juu hupata hewa pungufu ya kusukuma, na injini, zinazohitaji hewa hiyo hiyo ili kuunguza mafuta, hupoteza nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Isitoshe, askari, mzigo na mafuta hugawana kikomo kimoja cha uzito, ambacho kwa Black Hawk ni karibu tani 10 pamoja na chombo chenyewe, na matangi yakijaa huchukua zaidi ya tani moja. Kuelea angani bila kusonga mbele hudai nguvu nyingi kuliko kusafiri, na kuelea juu sana ya ardhi hudai zaidi kuliko karibu nayo. Kwa hiyo helikopta inayofika bila taabu juu ya milima ya Mpwapwa huenda isiweze kusimama hapo na kumvuta mtu kwa kamba. Wanaolalamika kwamba helikopta ya uokoaji imeacha nusu ya watu kwa safari ya pili hawamtendei haki rubani. Kuondoka alfajiri, kabla jua halijapanda, husaidia kuliko ushujaa.

Hudhaniwa pia kwamba chombo hiki hutua popote. Wakati wa kiangazi, vumbi la uwanda wa Bahi laweza kumfunika rubani katika sekunde za mwisho asione ardhi, na mchanga hula panga na injini. Masika yakija, magurudumu huzama kwenye udongo mweusi wa mbuga.

Kuhusu injini kuzimika, helikopta hii haianguki kama jiwe. Ina injini mbili, na hata zote zikizima, hewa inayopita kwenye panga kutoka chini wakati chombo kinashuka huendelea kuzizungusha, na rubani hutumia mzunguko huo kupunguza kishindo. Hatari kubwa ni kuzimikiwa ikiwa chini na ikienda polepole, kwa sababu nafasi ya kufanya hivyo haipo.

Wala si kifaru kinachoruka. Mjini Mogadishu, tarehe 3 Oktoba 1993, Black Hawk mbili ziliangushwa kwa maroketi ya kurushwa begani. Kinga yake kubwa ni kuchagua njia, kuruka chini na kutokaa mahali pamoja. Viti na magurudumu yake yaliundwa kufyonza kishindo ili waliomo wapate nafasi ya kupona.