Kumtafutia Mbwa Mdogo Mzee Aliyefiwa na Mbwa Wake: Dhana Potofu na Ukweli

Mzee anayeishi peke yake akifiwa na mbwa wake, majirani husema "ni mbwa tu", nao wanawe hukimbilia kumletea mwingine kwa kushtukiza ili asahau upesi. Dhana zote mbili humuumiza. Mbwa yule ndiye aliyempa sababu ya kuamka alfajiri na kufungua mlango, na huzuni ya kumkosa ni huzuni kamili, wala haina idadi maalumu ya siku: yupo atakayetaka mwingine baada ya wiki chache, yupo atakayengoja mwaka, na yupo asiyetaka tena kabisa. Aulizwe kwanza, na akikubali aende kumchagua mwenyewe, kwa kuwa zawadi ya ghafla humfanya aone haya kuikataa hata kama moyo wake haujawa tayari.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba lazima achukuliwe mtoto wa mbwa, kwani mbwa mkubwa eti hampendi bwana mpya. Si kweli, mbwa mzima huhitaji wiki kadhaa za utulivu, kisha hushikamana na anayemlisha na kukaa naye. Mtoto wa mbwa, ambaye hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki nane, hulia usiku, hukojoa ndani, hutafuna kandambili na hulishwa mara tatu au nne kwa siku, na asipochanjwa ugonjwa wa parvo unaweza kumuua kwa kutapika na kuhara damu. Kumtwisha haya mtu mwenye magoti mabovu si kumfariji. Mbwa wa miaka minne au zaidi tabia yake huonekana: mzee aketi uani kwa anayemtoa, mtu adondoshe mfuniko wa sufuria, kisha watazame. Anayeshtuka halafu akarudi kuunusa mfuniko anafaa. Anayetoa meno, au anayejificha asitoke tena, atafutiwe nyumba nyingine.

Wengine huamini kwamba udogo wenyewe ni usalama. Mbwa mdogo hupenda kupita katikati ya miguu, na kwa mzee kuanguka kunaweza kuvunja nyonga, hasa katika nyumba za Mabatini au Igogo jijini Mwanza zilizopanda mlimani kati ya mawe, ambako hata kwenda dukani ni kushuka ngazi. Kengele ndogo kwenye mkanda wa shingoni humjulisha mzee mbwa alipo. Wala si lazima awe mbwa wa kizungu: Maltese au Shih Tzu huhitaji kuchanwa manyoya mara kwa mara, na wenye pua fupi hutaabika na joto, ilhali mbwa wa kienyeji mwenye umbo dogo na manyoya mafupi hana shida hizo. Mimi ningeanza kwa huyo.

Kuhusu chakula, ugali na dagaa humfaa kama sehemu ya mlo, mradi dagaa waoshwe mchanga na wasiwe wa chumvi. Vitunguu asipewe, kwa sababu huharibu damu yake.

Kusema kwamba mbwa wa ndani hahitaji chanjo ya kichaa ni hatari kubwa. Virusi huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, mbwa wanaozurura huingia uani, na dalili zikishaanza kwa binadamu ni nadra mno kupona. Daktari wa mifugo amwone mbwa kabla hajahamia, aandike tarehe za chanjo na ampe dawa ya minyoo.

Tena husemwa kwamba mtu wa miaka themanini asifuge kabisa. Mbwa wengi wadogo huishi miaka 12 hadi 15, hivyo mbwa mwenye umri mkubwa humfaa mzee zaidi, na kabla hajaletwa, mjukuu au jirani aliyeridhia mwenyewe atajwe mbele ya familia kuwa ndiye atakayemchukua mbwa endapo mzee atalazwa au atafariki, akabidhiwe nakala ya kadi ya chanjo, na awe anakuja kumlisha mara kwa mara ili mbwa amzoee.