Pauni Moja Juu ya Ngoma: Fedha na Imani katika Major Barbara

Wanaoichambua Major Barbara, tamthilia ya George Bernard Shaw iliyoigizwa kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1905, huikimbilia sehemu ya tatu, ambamo Andrew Undershaft, tajiri wa kiwanda cha silaha, anashikilia kwamba umaskini ni uhalifu unaoupita kila uhalifu. Ni hotuba kali, lakini kwa maoni yangu hoja huwa imekwisha kuamuliwa katika sehemu ya pili, kwenye makazi ya maskini ya Jeshi la Wokovu, shirika la Kikristo la kuhubiri na kusaidia wahitaji, huko West Ham, mashariki mwa London.

Bill Walker, kijana mkorofi aliyefika hapo, amempiga Jenny Hill, msichana anayelitumikia Jeshi hilo, na dhamiri inamsuta. Anataka alipe pauni 1 yaishe. Barbara, bintiye Undershaft na afisa wa Jeshi, anaikataa kwa kuwa anachokitaka ni roho ya Bill. Hata baba yake anapojitolea kuongeza 99 zitimie 100, hakubali. Bill anaitupa sarafu juu ya ngoma, na mmoja wa wanaojifanya wameokoka anaikwapua, kejeli ambayo mwongozaji mzembe huipitisha bila hadhira kuitambua. Punde si punde mkuu wa Barbara anapokea hundi ya Undershaft ya pauni 5,000, juu ya 5,000 nyingine zilizoahidiwa na Bodger, mtengenezaji wa wiski. Barbara anavua beji yake na kuibandika kwenye ukosi wa baba yake, huku Bill akiuliza kwa dhihaka wokovu sasa ni bei gani.

Hata hivyo, Shaw hamkejeli mkuu yule. Bila hundi hiyo milango ya makazi ingefungwa wakati wa baridi, na katika dibaji yake anasisitiza kwamba hakuna fedha safi katika jamii inayotegemea fedha za namna hiyo. Barbara mwenyewe amelishwa na kuvishwa kwa faida ya mizinga, jambo ambalo baba yake halioni haya kumkumbusha.

Udhaifu uko mwishoni. Undershaft anatuonyesha mji wa wafanyakazi ulio safi, wenye watu walioshiba, wala hakuna mfanyakazi anayepewa nafasi ya kumpinga kwa uzito. Barbara anaamua kuhubiri humo, kwa hoja kwamba mtu aliyeshiba hawezi kuokoka kwa ajili ya mkate. Hoja hiyo ina nguvu, ila wasikilizaji wake wataendelea kuishi katika nyumba za kampuni na kutegemea mshahara wa kampuni hiyo, nalo hilo Shaw halijibu.