Ngome za Japani: shusha macho kutoka mnarani

Mgeni akifika kwenye ngome ya Himeji, kitu cha kwanza ni kuinua simu na kuupiga picha mnara mweupe. Simlaumu, ni mzuri mno. Lakini mimi ni msanifu majengo, kazi yangu ni kuta za mawe, na mtu akiniuliza ngome ile ilijilinda vipi, namwomba kwanza atazame anapokanyaga.

Ikeda Terumasa, bwana aliyeitawala, aliijenga upya kati ya 1601 na 1609. Bunduki zilikuwa zimeingia Japani tangu 1543, kupitia kisiwa cha Tanegashima, hivyo kila kona ilipigiwa hesabu ya risasi. Ukishapita lango la Hishi, mnara unauona pale mbele, unadhani umefika. Kumbe ndiyo kwanza unaanza. Njia inakupindisha, inakurudisha ulikotoka, inakupitisha kwenye malango yanayotajwa kwa silabi za Kijapani: I, Ro, Ha, Ni, Ho. Kwenye lango la Ni dari ni ya chini na kona ni kali, mwenye mkuki mrefu hana pa kuuzungushia. La Ho limevikwa chuma, tena ni jembamba.

Muda wote huo unatazamwa. Kutani kuna karibu matundu 1,000: marefu ni ya pinde, ya duara, pembetatu na mraba ni ya bunduki. Nilichungulia kwenye moja nikiwa ndani. Tundu ni pana upande wa askari, linabana kuelekea nje. Niliona mabega ya watu waliokuwa wakipanda, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyegeuka.

Na ule weupe? Ni kinga ya moto: chokaa iliyochanganywa na nyuzi za mimea na gundi ya mwani, ikapakwa juu ya mbao na udongo.

Ila moyo wangu uko kwenye mawe. Yamepangwa makavu, bila chokaa ya kuyaunganisha, na nyuma yake pamejazwa kokoto. Mvua ikinyesha, maji yanapenya na kutoka. Yangenasa, yangeusukuma ukuta hadi utumbo wake umwagike. Ardhi ikitikisika, mawe yanasogea kidogo na kutulia. Kule Kumamoto, ngome aliyoikamilisha bwana wa huko, Kato Kiyomasa, mwaka 1607, ukuta unaanza na mteremko mpole unaoweza kuuparamia, halafu unazidi kusimama kadiri unavyopanda, mpaka juu ni wima mtupu. Mwaka 1877 jeshi la Saigo Takamori, aliyeiasi serikali, liliizingira kwa zaidi ya siku 50, likashindwa kuingia.

Tetemeko la Aprili 2016 liliangusha sehemu kubwa za kuta hizo. Chini ya mnara mdogo wa Iidamaru, uliojengwa upya 2005, mawe yaliporomoka kulia na kushoto, ikabaki nguzo moja ya mawe ya pembeni imebeba kona ya jengo. Mawe hayo ya pembeni ni marefu, na hulazwa kwa zamu: moja likielekea upande huu, linalofuata upande ule, kila moja likilikandamiza la chini yake. Picha ile nimeibandika juu ya meza yangu ya kuchorea. Mawe yaliyoanguka yalipewa namba, na mafundi wanayarudisha moja moja, kila jiwe mahali pake pa zamani.